Splinti nyembamba ya kuinua wayo: humfaa mwenye mguu mlegevu, humwangusha mwenye mguu mkakamavu

Splinti tunayoichambua ni ile ya plastiki nyeupe yenye umbo la L, inayouzwa ikiwa tayari kwa saizi za viatu: bamba la chini ya wayo, shingo nyembamba inayopanda nyuma ya kisigino, na kikombe kinachoshika shavu la mguu kwa mkanda wa kunata. Mafundi wa viungo bandia huita jamii nzima ya vifaa hivi AFO, na hii ni miongoni mwa zile nyepesi kabisa. Kazi yake ni moja: kuzuia ncha ya mguu isidondoke mtu anaponyanyua hatua, asije akajikwaa kizingitini au akakanyaga upindo wa baibui lake mwenyewe.

Tunaipima kwa mgonjwa wa CIDP, maradhi sugu ambamo kinga ya mwili huligeukia ganda la mailini linalozifunika neva. Udhaifu wake huendelea kuongezeka kwa wiki 8 au zaidi, tofauti na Guillain-Barré, ndugu yake wa ghafla, ambayo hufika kileleni ndani ya wiki 4. Mgonjwa ambaye maradhi yake yamebaki kwenye neva za miguu na mikono atafaidika na splinti hii kuliko na kifaa kingine chochote cha bei yake. Mgonjwa ambaye maradhi yamegusa pia ubongo au uti wa mgongo asiinunue. Na aliyekuwa akitembea nayo vizuri kisha akaona imeanza kushindana na mguu wake, tatizo asilitafute kwenye plastiki peke yake.

Shingo ya splinti hii ni polipropilini ya karibu milimita 3, iliyokatwa ikapita nyuma ya vifundo vya mguu bila kuvifunika. Kisigino kinapotua, shingo hupinda kidogo na wayo hushuka taratibu badala ya kupiga "pa!" sakafuni. Mguu unaponyanyuliwa, plastiki hujirudi na kuubeba wayo juu. Nguvu ya kujirudi hiyo ni ndogo mno. Inatosha kubeba uzito wa wayo uliolegea, basi. Haiwezi kushindana na misuli ya shavu la mguu inayovuta kwenda chini kwa nguvu zake zote, wala haizuii kifundo kisipinde kwenda ndani.

Mguu wa CIDP ya kawaida ni mlegevu. Mkalishe mgonjwa kitandani, miguu ining'inie: wayo huning'inia kama kitambaa kilicholowa, na ukiusukuma juu kwa mkono, polepole au kwa ghafla, hauna upinzani. Mguu huo na splinti hii ni marafiki.

Maradhi yakifika kwenye uti wa mgongo au ubongo, wayo bado unadondoka, kwa hiyo mwenye duka na jamaa wa mgonjwa wanaona shida ile ile. Lakini sababu imebadilika. Misuli ya shavu la mguu imekuwa mikakamavu. Ukiusukuma wayo juu polepole unakwenda, ukiusukuma kwa ghafla unakwama katikati, na pengine unaanza kupiga-piga wenyewe mkononi mwako, pigo baada ya pigo. Vidole hujikunja, ukingo wa nje wa wayo ndio unaotangulia kugusa chini. Mvishe mtu huyu splinti nyembamba na kila hatua shingo ya plastiki itakunjwa, kisigino kitapanda kutoka kwenye bamba, na mvuto wa ghafla wa plastiki utaichokoza misuli ikaze zaidi. Plastiki nayo haidumu. Utaona mstari mweupe ukitokea kwenye shingo, juu kidogo ya kisigino, pale pale inapopinda. Mstari huo ni uchovu wa plastiki, na ufa hufuata hapo hapo.

Jambo linalowaponza wengi, wakiwemo wahudumu wa afya wasioyaona maradhi haya mara kwa mara, ni kwamba CIDP huficha dalili za uti wa mgongo. Daktari anapogonga goti kwa nyundo yake ndogo, ujumbe hupita kwenye neva za mguu kwenda na kurudi. Neva hizo zikiwa zimeharibika, goti halijibu hata kama uti wa mgongo nao umeguswa na ulitarajiwa kulifanya liruke. Kukwaruza wayo ili kuona kidole gumba kitakwenda upande gani nako hakusaidii ikiwa misuli ya kukiinua kidole hicho imeshapooza. Kwa hiyo goti lililokaa kimya halimwondolei mgonjwa shaka. Zitazameni dalili nyingine: haja ndogo inayombana mtu ghafla asifike chooni, jicho moja kuona ukungu, hasa likiuma linapogeuzwa, shoti inayoshuka mgongoni anapoinamisha shingo, jambo ambalo waumini wengi huliona kwanza kwenye rukuu, na mguu unaokakamaa usiku badala ya kulegea. Lolote kati ya haya ni sababu ya kurudi kwa daktari wa neva kabla ya kurudi dukani. Mkojo ukiziba kabisa, au miguu yote miwili ikiisha nguvu ndani ya siku chache, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini maradhi ya neva za pembeni yafike huko? Kwa wagonjwa wengi hayafiki. Kwa baadhi, picha ya MRI huonesha madoa kwenye ubongo au uti wa mgongo, mahali ambapo mailini nayo imeliwa. Wapo pia ambao mizizi ya neva, baada ya miaka ya kuvimba na kujijenga upya, hunenepa mpaka ikaubana uti wa mgongo. Hao mailini ya ndani inaweza kuwa salama, na shida ni nafasi tu. Mgonjwa mwenye dalili za pande zote mbili, yaani za neva za pembeni na za ubongo au uti wa mgongo, aulizie MRI ya kichwa na ya shingo, si ya kiuno peke yake, na apimwe vitamini B12, kwa sababu upungufu wake huharibu neva na uti wa mgongo kwa pamoja, hufanana sana na mchanganyiko huu, na tiba yake ni rahisi mno kuachwa ipite. Baadhi ya wenye mchanganyiko huu wamekutwa na kingamwili dhidi ya neurofasini 155, protini ya kwenye neva, ingawa tafiti hazikukubaliana ni wangapi. Kipimo hicho kina maana kwa sababu wenye kingamwili hiyo mara nyingi hawapati nafuu kwa dripu za imunoglobulini, na madaktari huwahamishia dawa nyingine kama rituksimabu.

Tuirudie splinti, sasa kwa maisha ya hapa Unguja na Pemba, maana kifaa hiki kilibuniwa na watu wanaoshinda na viatu ndani ya nyumba.

Splinti nyembamba haifanyi kazi bila kiatu. Ndara na makubadhi hayaishiki. Kiatu kinachotakiwa kina nyuma iliyofungwa, kinafunguka mpaka karibu na vidole, kinafungwa kwa kamba au mkanda, na kisigino chake ni kama sentimita 1. Nunua saizi moja juu ya ile uliyozoea, toa soli ya ndani kwenye kiatu chenye splinti ili mguu upate nafasi, na kwenye kiatu cha pili iache ilipo, maana viatu vyote viwili sasa ni vikubwa na mguu usio na splinti ndio utakaoogelea. Viatu vya mtumba vya michezo hufaa sana kwa kazi hii, na ndipo tunapowashauri wengi waanzie. Nenda dukani na splinti mkononi. Kiatu kilichojaribiwa bila splinti ni pesa iliyotupwa.

Shida ni mlangoni. Nyumba zetu huvuliwa viatu, na mgonjwa hubaki na mawili: avue na splinti, aburure mguu sebuleni, au abaki na splinti peke yake juu ya marumaru. Hili la pili ndilo la hatari. Plastiki laini juu ya marumaru yenye maji huteleza vibaya, na tena, splinti iliyopangwa kukaa juu ya kisigino cha sentimita 1 ikishuka sakafuni huurudisha muundi nyuma na kulisukuma goti kupinda kinyume. Tunapendekeza jozi ya pili ya viatu, safi, isiyotoka nje kabisa, ikae mlangoni ndani. Asiyeweza jozi ya pili amwombe fundi viatu amgandishie chini ya bamba mpira mwembamba wenye mikwaruzo, na kipande cha mpira cha sentimita 1 chini ya kisigino; halivutii macho, lakini linafanya kazi. Splinti yenye nyongeza hiyo huenda isiingie tena kwenye kiatu, kwa hiyo fanya hivyo kwa splinti ya zamani.

Msikitini ni hivyo hivyo: mkao wa tahiyatu hutaka wayo ulale na vidole vikunjike, na splinti nyembamba huruhusu kidogo tu. Wengi huivua na kuswali kwenye kiti. Mas-ala ya udhu na kupangusa juu ya soksi aulizwe shehe. Letu ni kusema tu kwamba mguu uoshwe na ukaushwe vizuri, katikati ya vidole hasa, kabla ya kurudishwa ndani ya plastiki.

Joto na jasho ni adui wa pili. Vaa soksi ya pamba inayofika chini ya goti, isiyo na mshono mnene kwenye vidole, na ibadilishe mchana. Siku ya kwanza vaa saa 1, vua, utazame ngozi. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 20 hadi 30 ni wa kawaida. Unaobaki unaonesha pahala panapobanwa, na kwa mgonjwa ambaye wayo hausikii, pahala hapo patakuwa kidonda bila yeye kujua. Tumia kioo kidogo kutazama chini ya kisigino, au mwambie mtoto wa nyumbani akutazamie. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa kuwe mazoea. Changarawe moja ya barabara ya shamba inatosha kuleta kidonda kwa mguu uliokufa ganzi. Anayetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, awe macho zaidi, kwani ngozi yake ni nyepesi, vidonda hupona polepole, na miguu huvimba jioni hata mkanda ukawa haufungi pale pale ulipofungwa asubuhi.

Ukingo wa juu wa kikombe uishie sentimita 2 hadi 3 chini ya kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje, uvimbe mdogo unaoushika kwa vidole upande wa nje chini ya goti. Hapo neva ya kuinua wayo hupita juu juu kabisa, karibu na ngozi. Splinti ndefu inayoibana huzidisha maradhi yale yale iliyonunuliwa kuyasaidia. Hili tumeliona kuwa ndilo kosa kubwa la saizi za dukani kwa watu wafupi, na hakuna mkanda unaoweza kulirekebisha. Inakatwa kwa msumeno mdogo na kulainishwa kwa msasa, au inabadilishwa.

Usafi ni maji ya uvuguvugu na sabuni. Usiiache kwenye dirisha la gari wala juu ya bati. Mkanda wa kunata hujaa mchanga na nyuzi za soksi, ukausafisha kwa mswaki mkavu. Riveti za chuma hushika kutu kwa upepo wa bahari, na kwa wakazi wa pwani kama Jambiani au Makunduchi fundi azibadilishe za shaba au alumini mapema.

Nguvu za mgonjwa wa CIDP hupanda na kushuka. Anayepata imunoglobulini kwa kawaida huanza kwa gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, zikigawanywa kwa siku 2 hadi 5, yaani gramu 120 kwa mtu wa kilo 60, kisha hudumishwa kwa kiasi kidogo zaidi kila baada ya wiki 3 hivi. Wiki ya mwisho kabla ya dripu miguu huchoka. Kwa hiyo usiitupe splinti siku unayojisikia mzima, na usiipime siku hiyo peke yake.

Sasa mguu mkakamavu uvae nini? Splinti nzima, ambayo ukingo wake unapita mbele ya vifundo na haipindi kabisa, huukamata wayo usizunguke na haichokozi misuli. Bamba lake lifike mpaka ncha za vidole kama vidole vinajikunja. Kwanza lakini pima kama kisigino kinafika: goti likiwa limenyooka, wayo usukumwe polepole mpaka pembe ya nyuzi 90. Usipofika, misuli imeshafupika, na splinti ya nyuzi 90 itamfanya atembee kisigino kikielea ndani ya kiatu. Fundi aiache pembe ya mguu ilivyo na ajazie kisigino cha kiatu chini, huku mazoezi ya kunyoosha yakiendelea.

Hapa ndipo mgonjwa mwenye maradhi ya pande zote mbili huwapa mafundi kazi ngumu. CIDP hudhoofisha pia mapaja. Splinti nzima, kisigino kinapotua, haishuki. Inautupa muundi mbele, na goti lazima lizuiwe na misuli ya paja. Paja likiwa dhaifu, goti linakunjika na mtu anaanguka na splinti yake mpya, hasa akishuka ngazi za mbao za nyumba za Mji Mkongwe au kilima chenye utelezi wa masika huko Pemba. Mtu aliyekakamaa kwa kiharusi, na paja lake lina nguvu, hapati shida hiyo, ndiyo maana si busara kuazima splinti ya jirani aliyepata kiharusi hata kama saizi ni moja. Kuna njia tatu za kupunguza kukunjika huko kwa goti: kisigino cha kiatu kiwe laini, kwa sponji ngumu iliyopachikwa nyuma, splinti ipangwe wayo ukielekea chini kwa nyuzi chache badala ya 90 kamili, au iwe ya bawaba, yenye kizuizi kinachorekebishika cha kutoshuka. Ya bawaba ndiyo tunayoipenda zaidi kwa kundi hili, kwa sababu fundi anaweza kubadilisha pembe maradhi yanapobadilika, lakini ni pana, inataka kiatu kikubwa zaidi, na haishauriwi kifundo kinapopiga-piga sana. Jaribio la kabla ya kulipa ni rahisi: mgonjwa asimame kutoka kitini mara 5 bila mikono, atembee, ashuke ngazi moja akishika ukuta. Goti likitetemeka au kukunjika, isiondoke karakanani.

Mkanda wa mpira unaofungwa kifundoni na kuning'inizwa kwenye kamba za kiatu hatuutilii maanani kwa mgonjwa wa CIDP, ila kwa udhaifu mdogo sana au safari fupi; unalegea kwa jasho. Splinti ya kaboni ni nyepesi na husaidia pia shavu la mguu lililodhoofika, jambo ambalo splinti nyembamba ya plastiki hailiwezi, lakini haipashwi moto ikarekebishwa. Ikikwaruza, imekwaruza.

Ya plastiki ya dukani inapashwa: fundi hupasha sehemu moja kwa mashine ya hewa moto na kuitoa nje pale inapobana. Kazi hiyo isifanywe kwa jiko la mkaa nyumbani, kwani plastiki hujikunja bila kutazamiwa na umbo haliwezi kurudi. Mafundi waliosomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia cha Moshi, wanaijua kazi hii vyema, na ukivuka hadi Dar es Salaam, MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ina karakana yake. Anayekwenda huko achukue splinti aliyonayo pamoja na viatu vyote viwili, hata kama imepasuka. Mahali pa ufa na palipochakaa humwambia fundi mengi kuliko maelezo ya mdomo. Achukue pia CD za MRI na karatasi ya kipimo cha neva, si barua ya muhtasari pekee. Na kwenye boti aivae, asiitie begini: ngazi ya kupandia ni ya chuma, huwa na maji ya chumvi, na hubadilisha mteremko wake kwa kujaa na kupwa.